Ngazi Aliyoikataa Nephtali

Katungu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko kuu la Kisangani. Mteja aliyenunua rangi nyingi aliazimwa ngazi pia. Ngazi zenyewe zilikuwa mbili tu: ya mbao, nzito, iliyohitaji watu wawili kuisimamisha, na ya alumini, ambayo mtu mmoja huitia begani akaenda zake.

Jumatano asubuhi alifika Nephtali, fundi wa rangi, mtoto wa wavuvi wa Kiwagenia. Ujanani alikuwa akipanda magogo yaliyosimikwa kwenye maporomoko ya mto kutega mitego ya samaki, kwa hiyo urefu haukumtisha. Umeme ndio uliomtisha.

"Mama Katungu, ngazi ya mbao iko wapi?"

"Shemeji Isaïe aliibeba jana. Iko anafunga plafond, dari ya nyumba yake, kule Mangobo."

"Bon, nitaenda kuitafuta." Ile nyingine hakuitupia hata jicho. "Kwenye ile nyumba ya Kabondo waya ya courant inapita karibu na ukuta, juu ya dirisha. Na alumini, hapana."

Katungu akacheka. "Courant gani, papa? Tangu juzi hatuna. Ukienda Mangobo na kurudi, mvua itakuwa imefika. Na mwenye nyumba, Mama Chimène, iko na harusi samedi, siku tatu tu zimebaki, amenipigia mara tatu. Beba hii, iko mwepesi."

Nephtali aliigeukia ile ya alumini. Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa Katungu, kama alivyopata nyingine nyingi, na kumbishia mtu wa namna hiyo si rahisi.

"Sawa, mama," alisema mwishowe. Akaibeba.

Ilipokaribia saa tano, friji ya duka la jirani ikaanza kunguruma. Barabara nzima ikapiga kelele za furaha. Katungu naye alipiga makofi, akachukua simu yake na kuichomeka. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye soketi alipomkumbuka Nephtali.

Akampigia. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Kisha akatoka mbio, duka wazi, akasimamisha pikipiki. "Kabondo, tonton, haraka!" Njiani alisali Salamu Maria bila kufika katikati, kila mara aliianza upya.

Mbele ya nyumba ya Mama Chimène watu walikuwa wamejaa. Ngazi ilikuwa imelala juu ya maua. Walimweleza kwamba Nephtali alikuwa amebakiza kona moja tu. Alipopanda na kuisukuma ngazi kidogo upande, ncha yake ikagusa waya, naye akarushwa chini. Alikuwa ameshapelekwa hospitali.

Katungu alimkuta kitandani, mikono imefungwa bandeji, mguu umebanwa kwa vipande vya mbao. Mkewe, Gertrude, alikuwa akimnywesha maji. Nephtali alipomwona Katungu, alimtangulia kusema.

"Ni mimi nilichagua ngazi mubaya, mama. Nilifanya haraka."

Gertrude akamshika Katungu mikono yote miwili. "Aksanti kwa kukuja. Wengine wanatuma tu mutu, basi. Mimi nimemugombeza huyu. Miaka yote hii ya kazi, hajui kuchagua ngazi?"

Katungu angeweza kunyamaza. Nephtali alikuwa akimtazama, na macho yake yalimwomba anyamaze. Alielewa mara moja kwamba mtu huyu, hata akiwa ameungua, alikuwa bado anaogopa kukosa kazi kwake. Hilo lilimchoma.

"Hakuichagua yeye," alisema. "Aliikataa. Aliniambia habari ya waya. Ni mimi nilimulazimisha."

Gertrude akamwachia mikono. Akamgeukia mumewe. "Ni kweli?"

Nephtali akafumba macho.

"Toka, mama," Gertrude alisema kwa sauti ya chini. "Toka nisikuone."

Ijumaa madaktari walimkata Nephtali vidole viwili vya mkono wa kulia. Kila asubuhi Katungu alipeleka uji na samaki. Gertrude alipokea sufuria mlangoni bila salamu, akairudisha imeoshwa.

Siku ya tisa Gertrude hakuondoka mara moja.

"Ameniuliza kama iko kazi ingine kwa mutu wa mikono kama hii," alisema. "Nimemwambia nitakuuliza wewe."

Gertrude alibaki pale pale mlangoni, akingoja jibu la Katungu.