Foleni ya Waliomtangulia Fundi

Kila mteja, awe mkubwa au mdogo, fundi viatu alimsimamisha peku kwenye sinia la mchanga uliolowa, akamwambia atazame dirishani asahau kwamba ana miguu. Kisha alimwondoa, akainama, akapima kwa kidole unyayo upi umezama zaidi. Hivyo ndivyo alivyowashonea watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine: soli moja nene, nyingine nyembamba, na mtu akatoka akitembea kama wenzake.

Binti yake alimtengenezea mama huyo tovuti. Mama alisema maneno, binti akayaandika, akaweka na picha za mikono ya mama ikiwa kazini, pamoja na kovu la kisu kwenye kidole gumba. Mwanzoni wateja walikuja. Baadaye wakaadimika hadi mchanga ukawa unakauka siniani, na kila asubuhi mama aliumwagia maji, kwa sababu mtu anaweza kuja. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kuitamani.

Jumatatu moja binti alifungua kompyuta pale pale kwenye meza ya kukatia ngozi. Alikuwa amepata wakala wa akili bandia, yule unayemtuma akaenda mwenyewe, na wakala huyo alikuwa na chombo chake cha kutafutia washindani. Unampa jina la tovuti yako, naye anawapata wote wanaotokea mbele yako watu wanapotafuta.

"Mtu akiandika kwamba anataka viatu vya mguu mfupi, Mama, anamwona nani kwanza? Hilo ndilo tunaloliuliza."

"Si aje tu. Mlango uko wazi."

Binti akaenda kuchemsha chai. Huku nyuma wakala akaandika: Washindani wako wamepatikana. Niwalete? Mama hakuwahi kumwacha mtu akisimama nje. Akaandika kwa kidole kimoja: Karibuni nyote.

"Mama, ungesema uonyeshwe majina tu," alisema binti aliporudi.

"Mgeni haonyeshwi, mwanangu. Anakaribishwa."

Asubuhi iliyofuata washindani walikuwa wamejipanga mlangoni. Foleni ilianzia kizingitini ikapinda kwenye kona ya duka la dawa. Palikuwa na muuza soksi, na bwana aliyeandika sana kuhusu miguu bila kuugusa hata mmoja, na mama mwenye malapa ya kupunguza unene. Fundi aliwasalimu mmoja mmoja, nao wakaitikia vizuri. Wakamwonyesha nafasi yake, nyuma kabisa.

Alikuwa na ufunguo mkononi. Lakini alilelewa kwamba foleni hairukwi, hata ukiwa na haraka, na aliona aibu kuianzisha tabia hiyo mbele ya wageni. Akampa ufunguo aliye mbele yake, naye akampa wa mbele yake, ukaenda hivyo hadi mlangoni. Mlango ukafunguliwa.

Aliyeufungua alikuwa mwanamke nadhifu aliyetumwa na kampuni kubwa ya viatu vya kiwandani, soli zote unene mmoja. Mikono yake ilikuwa ya fundi. Kovu lilikuwepo, kwenye kidole kile kile. Alipozungumza, alisema maneno ya fundi ya kwenye tovuti bila kukosea hata moja, hadi ile habari ya kutazama dirishani.

Binti alikasirika hadi machozi yakamtoka. Akamwandikia wakala: Huyo wa kwanza ametuibia. Mwondoe.

Wakala akajibu kwa adabu: Kazi yangu ni kuwapata, si kuwaondoa. Anayetangulia ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe. Ninyi mnafanana naye kupita kiasi. Nashauri mama abadilishe mikono.

"Kasemaje?" aliuliza mama kutoka kwenye foleni.

"Hana la maana, Mama."

Mwalimu wa hesabu alikuwa mteja wa miaka mingi, na Jumamosi alikuwa anamwoza bintiye. Alitaka kumsindikiza ukumbini bila kuchechemea. Alikuja, akaingia moja kwa moja kwa aliye wa kwanza, kama watu wote wanavyofanya. Fundi alimwita kwa nguvu, ila bwana yule wa kuandika kuhusu miguu alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu akatoka na boksi zuri.

Jumatatu alirudi kulalamika, akamkuta fundi bado mwisho wa foleni, akasimama nyuma yake. Alikuwa amechechemea ukumbi mzima, na watu walimwonea huruma mbele ya wakwe.

"Umezeeka, fundi," alisema taratibu. "Viatu ulivyonipa havikuwa viatu."

"Si mimi niliyekupa, Mwalimu."

"Mikono niliiona kwa macho yangu."

Fundi akaitazama mikono yake.

"Pole, Mwalimu," alisema.

Kusimama kulimchosha Mwalimu mzee, akawa anayumba. Fundi akasogeza mguu wake, akauingiza chini ya mguu mfupi wa mzee huyo, akakunja vidole kidogo mpaka unene ukatosha. Mwalimu akanyooka.

"Hapo sasa," alisema. "Kumbe bado unajua."

"Najua."

Foleni haikusogea. Mguu wa fundi ulianza kufa ganzi, naye akauacha pale pale.