Pindo la Vidole Vinne

Mtaani wananiita Mama Pindo. Nashona sare za shule, na kila gauni naliachia pindo la vidole vinne, ili mtoto akirefuka mama yake alirudishe nilishushe. Wazazi hunitania eti nawashonea watoto wao mahema. Wacheke tu, shule zikikaribia kufunguliwa wote wanakuja kwangu.

Mwaka huu nilikuwa sitaki kuwaona. Binti yangu wa pekee alifariki miezi saba iliyopita, akiwa na miaka tisa, kwa tundu kwenye moyo. Tangu hapo, kanisani tukisali ile sala ya kila Jumapili, nikifika pale pa kumwambia Mungu kwamba atakalo Yeye ndilo liwe, nafunga mdomo. Mume wangu, fundi seremala, hupaza sauti hapo kana kwamba analisema na fungu langu. Mimi sikutaka kumdanganya Mungu ndani ya nyumba yake.

Jumamosi akaja jirani yangu, mama wa yule binti aliyekuwa akikaa dawati moja na mwanangu. Alisimama mlangoni, mfuko kaukumbatia.

"Dada, gauni hili ningempelekea fundi mwingine, ila mtoto kagoma. Anasema ni wewe tu."

"Lete," nikasema. "Kwani mimi nang'ata?"

Alipoondoka nikaanza kulifumua pindo. Kitambaa cha ndani ya pindo kilikuwa bado kipya, bluu iliyokolea, vilevile kama siku niliyokikata. Gauni hilo na la mwanangu nilikuwa nimeyakata kwenye jora moja. La huyu linashushwa. Nikamtamani mwanangu. Nilitamani magoti yake yenye makovu, kelele zake, hata ile tabia yake ya kunifichia mkasi.

Ndipo nikakumbuka gauni jeupe. Asubuhi ya mazishi nilikataa katakata mtu mwingine kumshonea. Nilishona machozi yakinizuia kuona, na nilipomaliza mume wangu akaligeuza.

"Mke wangu, umeweka pindo."

Vidole vinne. Mikono ilikuwa imefuata mazoea yake. Nikashika wembe nilifumue, huku nimemkasirikia Mungu hadi meno yananiuma. Akanizuia.

"Liache. Kimo chake sasa anakijua Mungu."

Nililiacha kwa kuchoka, wala si kwa imani.

Jumapili, siku moja baada ya jirani kuja, tulipofika pale ninaponyamaza, mume wangu akavuta pumzi apaze sauti kama kawaida. Nikamgusa kiwiko, akaniachia. Nikasema mwenyewe, neno moja moja, na hasira zangu na machozi yangu. Kwa nini alimchukua, sijaelewa mpaka leo. Namtaka mwanangu, leo kuliko jana. Ila lile pindo nimemwachia Yeye alishushe.