Koti la Msimamizi

Candida alipomwona Nassibu anavuka Mtaa wa Narung'ombe, aliingia ndani kuleta kiti kabla sijasema neno. Mke wangu huyo. Wateja wangu wote hukalia tofali, lakini katibu wa tawi la wafanyakazi alipewa kiti chenye mgongo, hicho kimoja tulicho nacho, na chai ya rangi juu yake.

"Shikamoo, mzee Pantaleo."

"Marahaba," nikajibu, macho yangu yako kwenye jiko la mafuta ya taa nililokuwa nazibua tundu lake kwa sindano. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nitoke karakana ya malori kule Gerezani. Majiko, kufuli, miavuli iliyovunjika mbavu. Nakaa barazani tangu asubuhi, na mikono inanuka mafuta ya taa hata tonge la ugali linanuka. Candida naye hufua nguo za watu Upanga, huenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Tumechoka, sitaki kudanganya mtu. Tunaulizana habari za kutwa kwa sababu ni adabu tu.

Nassibu akanywa chai, akasifu chai, akauliza hali ya watoto walioko shule ya bweni Songea. Nikamwacha azunguke. Mwisho akatua.

"Mzee, karakana inakuhitaji. Msimamizi tuliyeletewa baada yako kahamishwa. Kamati imekaa, imekubali urudi. Cheo chako kilekile, koti lako lilelile."

"Kamati ileile?"

"Ileile."

"Iliyosema mimi nina kasumba ya mkoloni?"

Akaangalia chai yake. "Wakati ule ulikuwa wakati ule, mzee."

Kijana ana maneno matamu huyo. Wakati ule ulikuwa mwaka Mwongozo wa chama ulipotoka, kila redio inasema kiongozi asiwe na kiburi, asidharau wafanyakazi. Nami nakubali, nilipiga makofi kama wengine. Sasa katika karakana yetu kulikuwa na Uwesu, fundi wa springi. Uwesu ni Mndengereko wa Rufiji, mimi Mngoni. Ni watani, jambo lisilohitaji maelezo. Babu zangu waliteka babu zake, au ndivyo tunavyowaambia, basi mimi namwita mateka wangu na yeye ananiita mla panya, na hakuna anayenuna. Tuliajiriwa siku moja, tukalala chini ya malori yaleyale, tukatukanana kila asubuhi ya Mungu badala ya kuamkiana. Mwanangu wa kwanza, Severa, alipofariki, ni Uwesu aliyeshuka kaburini akajilaza, akasema Mngoni hazikwi bure, hatoki mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Candida alikuwa hajafungua kinywa siku mbili. Siku ile alitabasamu.

Basi asubuhi moja, mimi tayari msimamizi, koti la kaki limepigwa pasi, nikamwambia Uwesu mbele ya watu, "Mateka wangu, inuka, lori halijifungui lenyewe." Nassibu alikuwa mgeni pale, kaandika. Jioni tukaitwa mkutanoni. Wakasema nimemwita mfanyakazi mateka. Nikasema huyu ni mtani wangu. Nassibu akasema utani ni wa nyumbani na msibani, kazini pana bosi na mtu wa chini yake. Halafu akamgeukia, "Ndugu Uwesu, sema wewe. Ni utani?"

Uwesu akaangalia miguu yake. Mkutano mzima ukangoja. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi nikavua koti palepale, nikalitundika msumarini, nikaondoka kabla hawajanifukuza. Neno moja tu lingeniokoa, naye alikuwa nalo mdomoni.

Hayo yote Nassibu anayajua, kwa hiyo sikumsimulia. Nikamwambia nitafikiri, akaaga.

Candida aliokota kikombe. "Utarudi?"

"Kurudi ni kula matapishi yangu."

"Matapishi ni yako, Pantaleo. Njaa ni yetu sote." Hakusema kwa hasira. Alikaa kwenye kile kiti, akaweka mikono kiunoni kama anazuia kitu kisidondoke. "Sikulazimishi. Ila mgongo huu si wa chuma."

Ningependa angegomba. Mtu akigomba unapata pa kujibu.

Usiku ule nililala vibaya, na kilichoninyima usingizi hakikuwa kamati. Kamati ni watu, wanakuja wanaondoka. Nilijiuliza nitaingiaje langoni na kumkuta mtu yule kila siku bila kujua kwa nini aliniuza. Kama ni wivu, aniambie ni wivu, nibaki na majiko yangu. Kesho yake mchana nikaenda Gerezani, nikakaa na wauza mihogo nje ya lango, nikamngoja.

Akatoka na wenzake, akaniona, akawaacha. Amezeeka Uwesu, mvi zimemwingia mpaka kwenye nyusi. Nikajiandaa kutukanwa, na Mungu ananiona, nilikuwa na hamu. Akanipa mkono.

"Habari za siku nyingi, Ndugu Pantaleo."

Ndugu. Laiti angenitemea mate.

"Wametaka nirudi," nikasema.

"Nasikia. Ni vizuri."

"Sirudi mpaka uniambie. Siku ile ulikuwa na nini mdomoni?"

Akanunua muhogo, akaukata, akanipa kipande kikubwa. Tukatafuna tumeegemea ukuta. 

"Kumbuka vizuri," akasema. "Tulipokuwa mafundi wote wawili, ukiniita mateka, mimi nilikuwa nakuitaje?"

"Mla panya. Na mengine siwezi kuyasema mbele ya mama huyu wa mihogo."

"Na ulipopewa koti?"

Nikatafuta hata asubuhi moja aliyonijibu. Nilimwona Uwesu chini ya lori, namwona anainua kichwa, nayaona meno yake.

"Ulikuwa unacheka," nikasema.

"Nilikuwa nacheka tu." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Koti ndilo linaamua nani kachelewa, nani apewe ovataimu, nani ajaziwe fomu vibaya mwisho wa mwaka. Nitaliambia linakula panya?"

"Mimi nisingekufanya kitu. Wewe unanijua mimi."

"Nilikujua. Halafu ukawa unanitania, mimi nacheka, siku zinakwenda. Nassibu aliponiuliza, nilitaka kusema ni mtani wangu. Wallahi nilitaka. Lakini mtani ni yule unayemrudishia. Nikajiuliza mara ya mwisho nilikurudishia lini, sikupata. Basi nikanyamaza."

Kengele ikalia. Akaingia ndani, akaniacha na kipande changu cha muhogo.

Nilirudi kwa hasira, nikapita penye soko jipya linalojengwa, vumbi la saruji linanijaa kooni, nikimtukana Uwesu kimoyomoyo mpaka matusi yakaniishia. Mtu mzima, miaka yote ile, asiniambie. Nilipofika nyumbani nikalishika jiko la mtu, nikaliacha. Alichosema kilikuwa kweli, na ukweli ukishauona huwezi kuurudisha kapuni.

Nassibu alipokuja kuchukua jibu nilikuwa nimelipanga. "Narudi. Lakini mimi narudi kwenye springi, fundi wa kawaida. Koti mpeni Uwesu."

Akadhani natania. Nikamwambia mimi sitanii na watu wa Tanga kama yeye. Akaenda, kamati ikakaa tena, ikakubali. Nadhani walichoka kama mimi.

Candida alisikia yote kutoka mlangoni. "Mshahara wa msimamizi umeutoa sadaka?"

"Wa fundi upo."

"Na mimi niache nguo za Upanga au nisiache?"

"Upunguze."

"Nipunguze," akasema, akarudia tena neno hilo polepole, kama anakadiria lina uzito gani. Hata hivyo alitoa ovaroli yangu sandukuni, akaitia kiraka kwenye goti, akaipiga pasi. Alinikabidhi bila kuniangalia. Nilijua nimemwongezea mzigo ili mimi nipate kilicho changu, na bado nikaivaa. Nilijiambia, utani wetu utarudi, nyumba itachangamka, naye atacheka.

Asubuhi ya kwanza niliingia chini ya lori kama mtu aliyerudi kwao. Harufu ya grisi, sakafu ya baridi, nyundo inagonga upande wa pili. Wenzangu wakanisalimu vizuri. Nikafungua nati ya kwanza, ilikuwa imeshika kutu, nikahangaika nayo kidogo. Ndipo nikaona viatu vya Uwesu vinakuja, na juu yake pindo la koti la kaki. Ni mfupi kuliko mimi; mikono ya koti kaikunja mara mbili.

Akainama akanichungulia. Mafundi wakaacha nyundo, maana kila mtu alijua.

"Mla panya," akasema kwa sauti ile ya zamani, karakana nzima ikasikia. "Tumekutoa barazani tukidhani tunaleta fundi. Kumbe nati moja tu inakutoa jasho. Au unangoja panya atoke humo ule?"

Watu wakacheka. Nami moyo ulinipasuka kwa furaha, kwa kuwa nilikuwa na jibu. Lilikuwa ulimini, tamu, limeiva: mateka wangu, nani alikufungua kamba ukavaa nguo za bwana wako. Nikatoa kichwa nje ya lori nimpe.

Nikaliona koti. Kalamu mfukoni. Nikaukumbuka mgongo wa Candida, nikakumbuka kuwa Jumamosi watapangwa watu wa ovataimu. Nikajiambia huyu ni Uwesu, aliyelala kaburini mwa mwanangu, hawezi kunifanya kitu. Najua hawezi.

Uwesu alisimama pale akingoja. Alingoja muda, mkono juu ya tairi, mpaka tabasamu likaanza kumtoka usoni.

Mimi nikacheka tu.