Wanawake Wanne

Bertilla aliwatambua wageni kwa sauti. Mmoja alikuwa Eustaki, mwenyekiti wa mtaa. Mwingine msichana aliyeamkia kwa adabu, akajitaja kwa jina la Angela, mwandikishaji wa watu wenye ulemavu. Bertilla akatoka jikoni akihesabu hatua kimoyomoyo, uso ameukunjua kama mtu anayeona.

Miezi minane alikuwa akiishi hivyo. Ukungu ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto, naye hakumwambia mtu. Aliogopa yaliyompata wifi yake, Hellena. Hellena aliolewa Kabwe, kule ziwani. Alipoanza kuanguka kifafa, mumewe akamrudisha kwa kaka yake, Tadei, hapa Pito, nguo zake zikiwa kwenye mfuko wa mbolea. Tangu hapo anaishi chumba cha nyuma, na mgeni akija huambiwa asitoke.

"Mimi niandike," alisema Tadei, mume wa Bertilla, akigonga mkongojo wake chini. "Trela la magogo lililalia mguu huu."

"Pole, baba. Na wengine?"

"Wazima wote."

Angela hakuandika. "Mtaa huu nimeandika wanaume kumi na tisa, wanawake wanne. Mwenyekiti, wanawake wa hapa hawaugui?"

Eustaki akacheka, akacheka peke yake.

"Kwa hiyo leo kila mtu anajibu mwenyewe. Mama, unapata shida kuona?"

"Nimeshasema ni mzima," Tadei akadakia.

"Namuuliza yeye, baba."

Bertilla alihisi jasho likimtiririka mgongoni, na baridi yote ile ya Ufipa.

"Mama Timoth, mjibu mgeni aende zake."

"Sioni," akasema.

"Unasema nini?"

"Sioni, Baba Timoth. Juzi nilichota dawa ya kuhifadhia mahindi nikidhani ni unga. Mkono ulishafika juu ya sufuria, mtoto amekaa anasubiri ugali. Harufu ndiyo iliyotuokoa."

Tadei alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Bertilla hakujua kama kofi linakuja. Kabla ujasiri haujamtoka, akapapasa ukuta mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akausukuma.

"Hellena, toka. Watu wanaandikishwa."

"Mama Timoth!"

"Ulipoumia wewe, mtaa mzima ulikuja kukubeba. Sisi tunafichwa kwa kosa gani?"

Alisikia nyayo za Hellena zikija polepole, kisha sauti ya Angela, ya chini sana: "Karibu, dada. Kaa hapa. Jina lako nani?"

Siku mbili Tadei hakumsemesha mkewe. Siku ya tatu aliita bodaboda mbili, ya kwake na ya Bertilla, wakaenda mjini hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, la kushoto likapangiwa tarehe. Hellena naye alianza dawa. Kifafa kilipungua, hakikuisha. Wiki hiyohiyo Eustaki alimpigia simu Angela arudi, kwa kuwa katika nyumba tatu ambazo msichana huyo alikwisha kuzipita, wanawake walikuwa wanamuulizia ili nao waandikwe.

Bandeji ilipotolewa, Bertilla aliona kwanza uso wa mumewe, umezeeka kuliko alivyoukumbuka.

"Ungeniambia," alisema Tadei.

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Tadei aliushika mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Sijui," akasema.