Punda wa Ukurasa wa Tisa

Mchoraji alikuwa ameshamwaga maji machafu ya jana, amejaza makopo mawili ya kuoshea brashi, na sasa anachonga penseli ya kwanza, mlango uliposukumwa bila hodi. Mhariri aliingia na bahasha kwapani, akaitua mezani, juu ya picha iliyokuwa bado mbichi.

"Mwanangu, punda wa ukurasa wa tisa bado hacheki!"

Mchoraji aliinyanyua bahasha taratibu. Ilikuwa imeondoka na nusu ya shamba la mahindi.

"Samahani, mzee," alisema, kana kwamba ni yeye aliyeiweka pale.

Kilikuwa kitabu chake cha kwanza, cha picha, cha watoto wadogo: wanyama wa shamba moja na urafiki wao. Mwezi mzima mhariri alikuwa akikirudisha. Kwanza alitaka kuku acheke. Sawa. Kisha mbuzi. Sawa. Kisha ng'ombe, ambaye mdomo wake umeumbwa kwa kutafuna na si vinginevyo. Sawa. Juzi lilichekeshwa jua. Kila mara mchoraji alikata kipande cha karatasi kidogo kama ukucha, akachora tabasamu, akakibandika kwa gundi juu ya mdomo wa zamani. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa vicheko.

Dada yake, aliyekuwa akishona kando ya dirisha, alisimamisha cherehani.

"Shikamoo, mhariri. Na ule uzio wa shamba je, hautacheka?"

"Marahaba. Wewe shona nguo zako." Mhariri alipangusa jasho. "Watoto wanataka furaha. Kitabu cha upole, halafu mnyama kanuna! Sikiliza, kiwandani wananingoja saa sita. Punda akicheka, kitabu kinachapwa leo. Asipocheka, nakifungia kabatini, nachapa cha mwingine. Nimechoka."

Hata yeye mchoraji alikuwa amechoka, ila hakuna aliyemwuliza. Alichukua mkasi. Alikata kipande, akachora tabasamu pana lenye meno mawili, akapaka gundi, akabaki nacho kwenye ncha ya kidole.

Pale ukurasa wa tisa punda ameumia mguu. Wenzake wamekwenda kuvuna, naye amebaki peke yake uzioni. Bata, mwenye miguu mifupi kuliko wote, amerudi njia nzima kukaa ubavuni pake. Hakuleta zawadi wala hakuimba. Amekaa tu. Bata huyo alichorwa mara kumi na moja kabla hajakaa vile.

"Sema basi!" Dada alishindwa kuvumilia. "Mhariri, huyu nyumbani tunamwita Bubu. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi."

"Hana la kusema. Anajua ninachosema ni kweli." Mhariri alitazama saa. "Bandika, mwanangu. Bandika twende."

Akabandika.

Punda alicheka. Bata, ambaye hakuguswa hata unyoya, ghafla alionekana mjinga, kama mtu aliyekuja kutoa pole akakuta watu wanacheza muziki.

"Umeona?" mhariri alisema, mkono tayari umenyooshwa kuuchukua ukurasa. "Mambo si hayo!"

Lile "sawa" la siku zote lilimfika mchoraji ulimini. Alilimeza. Akaingiza ukucha chini ya kipande na kukibandua kabla gundi haijashika, kikatoka na unywele mmoja wa shavu la punda.

"We binti!"

"Mzee, punda hacheki kwa sababu mguu unamuuma." Sauti ilikuwa ndogo, lakini cherehani ilikuwa kimya na kila neno lilisikika. "Na wenzake wamemwacha. Bata peke yake ndiye aliyeona. Mimi kitabu chote nimekichora kwa ajili ya huyo bata aliyeona. Wengine nimewachekesha, hata jua nimelichekesha. Lakini huyu nikimchekesha, mzee, bata amerudi kufanya nini?"