Maana Aliyoiruka Mwalimu

Mwalimu alikuwa na jina lake, lakini shule nzima ilimwita Kamusi, na mwenyewe alilipenda. Mpe nomino yoyote ya Kiingereza, hata ya kuokota barabarani, angekuchambulia maana zake zote, kisha akupangie visawe vyake kama mtu anayeanika nguo kambani. Mkewe, fundi cherehani, alizoea kumtania: "Wewe ukiitwa kula, kwanza unatafuta kisawe cha njaa."

Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Walishazunguka kwa madaktari mpaka wakachoka, na fundi akawa ameacha hata kulitaja jambo lenyewe. Ndipo, umri ukiwa umeshasogea, siku zake za mwezi zikakatika na tumbo likaanza kujaa upande wa chini. Alinyamaza wiki kadhaa akiogopa kujichulia. Asubuhi moja akauchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni.

Wakaenda hospitali. Daktari bingwa wa siku hiyo alikuwa mgeni, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na nesi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa wodi nyingine. Aliposikia kwamba mume ni mwalimu wa Kiingereza, daktari akafurahi, basi wataelewana. Akapitisha kipimo juu ya tumbo la fundi, akakitazama kioo, akarudia tena. Kisha akamgeukia mume na kuzungumza polepole, kwa adabu. Kuna growth, alisema. Si mimba. Imekaa pabaya, na hapendi inavyoonekana. Mama aletwe wiki ijayo apasuliwe, bila kukawia.

Fundi alikuwa amejiinua kwa viwiko. "Amesemaje?"

Kamusi akamgeukia. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga mdomoni, akachagua moja.

"Anasema kuna kitu kinakua."

Hakudanganya, ndivyo alivyojiambia baadaye, mara nyingi. Fundi alijifunika uso kwa mikono miwili, akacheka na kulia kwa pamoja. Daktari akashangaa. Mwalimu akamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mkewe ameshtuka tu.

Alikusudia kumwambia wakifika kwenye ngazi. Kwenye ngazi fundi alikuwa tayari kwenye simu na dada yake. Alikusudia kumwambia nyumbani. Nyumbani dada mtu alikuwa ameshafika, amekumbatia mfuko wa nguo za kitoto, anashangilia mlangoni mpaka majirani wakachungulia.

"Hongera, shemeji! Kumbe Kamusi naye ana kurasa za nyuma!"

Kamusi akatabasamu. Afanyeje?

Wiki ya upasuaji ikaja, ikapita. Fundi alipouliza kama daktari hakuwataka warudi, mumewe alijibu, "Alisema utulie kwanza." Huo sasa ulikuwa uongo mtupu, wala hakuutafutia jina lingine.

Shuleni, katika kifungu cha ufahamu kilichohusu biashara, neno lenyewe likajitokeza. Wanafunzi wakashika kalamu, maana walimjua mwalimu wao. Akaliandika ubaoni. "Growth," akasema. "Kwanza ni kukua kwa kiumbe, kama mtoto. Pia ni kuongezeka, kama biashara au idadi ya watu. Hapo visawe ni increase na expansion. Mtu akipevuka akili, unaweza kusema development. Tena ni kile chenyewe kilichoota: majani, au ndevu za mtu asiyenyoa."

Darasa likacheka, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amenyoa. Alikuwa ameanza kufuta ubao wakati msichana wa dawati la mbele aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, kamusi ya shule ina maana nyingine. Uvimbe mwilini. Kisawe chake ni tumour."

"Hiyo haiji kwenye mtihani."

Hawakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akatoka kabla ya kengele, akaenda nyuma ya stoo ya madawati mabovu, akalia huku amejiziba mdomo kwa tai.

Fundi akazidi kukonda uso na mikono huku tumbo likizidi kujaa. Siku maumivu yalipomlemea, mumewe alikuwa kazini. Dada mtu ndiye aliyemkimbiza hospitali. Nesi yule wa kutafsiri alimpokea, akalisoma faili lake, akashangaa.

"Mama, tulikungoja sana. Mbona hukuja kupasuliwa?"

"Nipasuliwe nini? Mimi ni mjamzito."

Nesi akamtazama dada mtu, akavuta kiti, akaketi. "Mama, hiyo si mimba. Ni uvimbe. Mume wako aliambiwa."

Kamusi alipofika wodini akihema, shemeji yake alimpita mlangoni bila salamu. Fundi alikuwa amelala ubavu, anautazama ukuta.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Ulicheka, mke wangu. Sijawahi kukuona ukicheka vile. Nikashindwa."

Fundi akavuta shuka. "Nilikuwa nazungumza naye, mwalimu. Kila nikikaa kwenye cherehani nazungumza naye. Nimempa na jina." Akamgeukia. "Na wewe umekaa pale pembeni, unanisikiliza."



Walimpasua, wakatazama, wakamshona. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Daktari alieleza, safari hii kupitia kwa nesi kwa sababu fundi mwenyewe alitaka hivyo, kwamba lau wangemwahi mapema, pengine. Hakuimalizia sentensi, na nesi akabaki hana la kutafsiri.

Fundi akaenda kuuguzwa kwa dada yake. Mwalimu alifika kila alipotoka shule. Shemeji alimfungulia mlango bila kumwangalia usoni. Mgonjwa hakumfukuza, nguvu za kugombana zilikuwa zimemwishia. Alimwagiza vitu vidogo vidogo: fungua dirisha, nigeuze, nipe maji. Siku moja akamwambia, "Warudishie wateja vitambaa vyao. Waambie watafute fundi mwingine."

Mwalimu akavikunja vitambaa, akavitia kwenye mfuko, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja, mwenye kitambaa cha bluu, alimkaribisha ndani na kuuliza fundi anaendeleaje.

"Hatapona," akasema mwalimu.

Akamkabidhi kitambaa chake, upande mmoja umekatwa, mwingine bado, akaenda nyumba iliyofuata.