Daftari la Usafi

Kila asubuhi, kabla jiko la hospitali halijawashwa, wapishi walipanga mstari wakamnyooshea msimamizi mikono. Akague kucha, basi. Lakini huyo bwana, waliyemwita Bwana Pua akishawapa kisogo, akifika kwa binti mmoja, mpishi mgeni, aliziacha kucha, akainama kumnusa kwapa. Ananusa kweli, jamani, mtu mzima na ndevu zake.

"Kumbe leo tumeletewa samaki," alikuwa akisema. Wapishi wanacheka. Binti wa watu anatazama sakafu.

Na mara nyingine akaongeza: "Andika mchafu."

Daftari la usafi lilishikwa na mpishi mkongwe, mama aliyebakiza miaka miwili astaafu. Aliandika. Alama nne za uchafu kwenye miezi ya majaribio, mtu anafukuzwa, na binti alikwishapata tatu. Mama alijua fika ni uongo mtupu, maana binti alinukia sabuni. Ila alijiambia huo ni mzaha tu, ya nini kujitia kimbelembele. Mzaha gani unamchagua mtu yule yule kila siku?

Alhamisi, kabla ya mstari, mama alimkuta binti chooni akijisugua kwapa kwa brashi ya masufuria. Ngozi imechubuka, damu inatoka.

"Shikamoo, mama," binti akasema, brashi ingali mkononi. "Hebu ninuse. Bado nanuka?"

Mama akamnyang'anya brashi. Alijichukia. Mwandiko wa daftarini ulikuwa wake.

Mstarini Bwana Pua akainama, akavuta pumzi. "Leo ameoza kabisa. Andika."

Mama akaandika taratibu, kisha akasoma kwa sauti: "Saa kumi na mbili na nusu. Kucha safi. Msimamizi amemnusa mpishi kwapani, akasema ameoza." Akatia sahihi. "Aliyeona na kusikia, kalamu hii hapa."

"Mama, umechoka na kazi?"

"Nimekuchoka wewe, baba."

Mama aliinyoosha kalamu mpaka mkono ukaanza kumuuma. Aliyeipokea wa kwanza ni mkata nyama, bingwa wa kuchekelea kuliko wote. Akasaini bila kumtazama mtu usoni. Wengine saba wakafuata.

Mama akalitia daftari kwapani na kushika njia ya ofisi ya mkuu wa hospitali. Mlangoni binti akamzuia. Hakumshukuru.

"Na zile tatu, mama?"

"Zile niliandika uongo," mama akasema. "Nitaanza na hizo."